Naomba Uzamivu, Naulizwa Mhuri

Jamani, mtu akikwambia anaomba kusoma shahada ya uzamivu katika ufundishaji wa hisabati, usimpe hongera. Mpe nauli. Na kama una mhuri wowote, hata wa kikundi cha kufa na kuzikana, mgongee.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari ya kata. Shahada ya kwanza ninayo, ya uzamili ninayo, vumbi la chaki ninalo mpaka kwenye mapafu. Somo langu mnalijua wenyewe: mwaka 2023 waliofaulu hisabati kidato cha nne walikuwa kama robo tu ya waliofanya mtihani, na hapo tukaambiwa tumepanda. Nikasema basi, acha nikachunguze kwa nini mtoto anayeghani MAGAZIJUTO shule ya msingi bila kukosea, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, akifika kidato cha kwanza hesabu ileile ikija kwa Kiingereza anaitazama kama barua ya kuitwa polisi.

Nia njema kabisa. Lakini tangu nianze kuomba nafasi, hakuna binadamu aliyeniuliza hesabu. Hata kipeuo cha pili cha 49. Wanachotaka ni mihuri.

Anza na kibali cha mwajiri. Barua unamwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri, lakini humwandikii hivihivi kama mtu na jamaa yake. Inapita kwa Mkuu wa Shule, kwa Afisa Elimu Kata, kwa Afisa Elimu Sekondari, na kila inapopita inalala. Ofisi moja wino wa mhuri ulikuwa umekauka. Nikauliza, sasa? Wakanitazama tu. Nikaenda kununua wino kwa hela yangu, nikagongewa, na chupa ikabaki palepale mezani kama mali ya serikali. Mwishowe barua imejaa duara za bluu na zambarau mpaka ombi lenyewe halisomeki, na nadhani ndiyo maana lilikubaliwa.

Halafu majina. Cheti cha kuzaliwa jina langu la kati linaishia na i, cha kidato cha nne hiyo i haipo. Nikatumwa kwa wakili nikaape kwamba mwenye i na asiye na i ni mtu mmoja. Ndugu zangu, kwenye hisabati kitu kuwa sawa na chenyewe ni jambo la kuanzia, hakuna anayehangaika kulithibitisha. Kwa wakili linalipiwa, na risiti hakutoa.

Nikidhani nimemaliza, likaja andiko dhana, yaani maelezo mafupi ya utafiti unaotaka kufanya. Kichwa cha utafiti kisizidi maneno 15, na lazima kimalizie na "uchunguzi kifani wa Halmashauri ya Wilaya ya" fulani. Hesabu: hapo maneno manane yamekwisha kabla sijasema natafiti nini. Nikabana, nikabanika, nikapeleka. Jibu likarudi na swali moja: pengo liko wapi? Pengo! Kidato cha pili B kina wanafunzi 94 na mwalimu mmoja wa hisabati, ambaye ndiye mimi, na siku hiyo sipo darasani kwa sababu naandika andiko dhana. Wanasema hilo si pengo la kitaaluma, ni changamoto. Pengo la kitaaluma ni lile ambalo wenzako waliotangulia hawakuliandika.

Nadharia nayo ni lazima. Huwezi kusema umeona kitu darasani kwa macho yako, lazima useme umekiona kupitia kwa mtu. Nikashauriwa nimchukue Vygotsky, Mrusi aliyefariki mwaka 1934, ambaye alisema kuna eneo kati ya kile mtoto anachokiweza peke yake na kile anachokiweza akisaidiwa. Simpingi, mzee aliona mbali. Ila alete hilo eneo lake hapa, kipindi cha mwisho, Ijumaa, watoto hawajala, tuone linaanzia dawati la ngapi.

Hesabu pekee niliyokuja kuombwa ilikuwa ya sampuli, yaani uhoji watu wangapi. "Tumia kanuni ya Yamane." Hii kanuni kila mtu anaibandika kama nembo ya halmashauri: unachukua idadi ya watu wote, unagawanya kwa moja jumlisha idadi hiyohiyo mara kipeo cha pili cha kosa unaloruhusu. Kwa kosa la asilimia 5, hata uipe watu milioni moja, itakurudishia 400. Sasa mimi eneo langu lote lina walimu wa hisabati 17. Nikawaambia wanahojiwa wote 17, ukumbi mzima, kwisha. Hapana, weka kanuni. Nikaweka. Ikanijibu walimu 16 nukta 3. Hiyo nukta tatu nimetafakari sana, nimeona lazima ni yule mwalimu wa kujitolea.

Nyumbani nako si salama. Mama mkwe amekuja kutusalimia, kanikuta na makaratasi.

"Baba, unasomea nini tena?"

"Namna ya kufundisha hisabati, mama."

"Kwani miaka yote hii ulikuwa unafundishaje?"

Nikajikaza, nikamweleza taratibu. Kuna Mmarekani, Lee Shulman, mwaka 1986 aliandika kwamba kujua somo ni kitu kimoja, kujua kufundisha kwa jumla ni kingine, halafu kuna ujuzi wa tatu: kujua somo hilohilo linamkwamisha wapi mtoto na umpitishie njia ipi. Mtu anaweza kuzitatua hesabu za sehemu usingizini na bado asijue kwa nini mtoto anasema nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano. Mama mkwe akasikiliza vizuri kuliko kamati yoyote.

"Na huo ujuzi wa tatu wewe unao?"

"Nadhani ninao, mama."

"Sasa unaenda kulipia nini?"

Nikasingizia simu inaita.

Kilichobaki ni wadhamini wawili wa kitaaluma, na barua zao ni siri, mwombaji haruhusiwi kuziona. Wa kwanza kajibu vizuri. Wa pili ni mhadhiri wangu wa zamani, amestaafu, yuko kwenye migomba yake Bukoba na macho hayamruhusu kukaa na simu. Akaniambia, "Mwanangu, jaza wewe, unisomee, nikikubali nitatia saini." Kwa hiyo nimekaa sebuleni nikijaza siri yangu mwenyewe. Uwezo wa kufikiri: bora sana. Mawasiliano: bora. Uvumilivu: bora sana.

Mke wangu anapita na beseni la nguo, akainama begani kwangu, akasoma.

"Uvumilivu bora sana? Nani huyo?"

"Ni fomu tu."

"Juzi ulifunua sufuria ya wali mara ngapi haujaiva? Weka wastani. Na umsomee mzee hivyohivyo."