Mgeni kwenye programu huria: kazi ndogo au kinachomkera?

Kijana wa kompyuta hapa Arusha, awe wa Chuo cha Ufundi, wa Uhasibu pale Njiro au wa Nelson Mandela kule Tengeru, akiuliza aingieje kwenye mradi mkubwa wa programu huria, yaani programu ambayo maandishi yake ya ndani (msimbo) yako wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyabadili, ataambiwa atafute kazi zilizotengewa wageni. Miradi mingi kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, huzibandika kazi hizo lebo maalumu, na LibreOffice, programu ya kazi za ofisi, ina orodha yake ya kazi nyepesi. Mimi nadhani ushauri huo unafaa kwa wiki ya kwanza tu; baada ya hapo aanze na hitilafu inayomkera kwenye programu anayoitumia mwenyewe.

Wanaoutoa tuwape haki yao. Linux, kiini cha mfumo endeshi alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, ina mamilioni ya mistari ya msimbo na hakuna anayeijua yote. Tena kinachomshinda mgeni mara nyingi ni taratibu. Kwenye Linux mabadiliko bado yanatumwa kwa baruapepe, maandishi matupu bila mapambo. Lazima uweke mstari wa sahihi kuthibitisha kwamba una haki ya kuitoa kazi hiyo. Kila sehemu ina mtunzaji wake, anayeamua kipi kiingie, na ukimwandikia asiyehusika usishangae kimya. Ukirekebisha mpangilio wa mistari kwenye saraka ya staging, inakowekwa msimbo ambao bado haujakomaa, utajifunza yote haya bila kuharibu kitu cha mtu.

Tatizo ni kwamba kilicho adimu kwenye miradi hii ni macho ya wakaguzi. Kila ombi la kuingiza mabadiliko, hata la kuondoa nukta moja, linamtaka mtu alisome, alijaribu na alijibu, na wengi hufanya hivyo usiku baada ya ajira zao. Hacktoberfest, kampeni ya kuhamasisha michango iliyoanza mwaka 2014, iliwapa fulana waliotuma idadi fulani ya maombi mwezi Oktoba. Mwaka 2020 watunzaji walifurikiwa na takataka, mtu kaongeza neno moja kwenye maelezo na kuita mchango, hadi waandaaji wakabadili kanuni: mradi ushiriki kwa hiari yake. (Fulana! Watu wazima na akili zao.) Hata anayekuja na nia njema, akimaliza kazi ya lebo, mara nyingi hana sababu ya kurudi.

Anayeanza na kinachomkera anayo sababu hiyo. Chukua DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara yetu ya afya. Anayeingiza takwimu za vituo kila mwezi anajua ni fomu gani inasumbua mtandao ukikatika. Mhandisi wa Oslo hatalijua hilo asipoambiwa. Taarifa nzuri ya hitilafu, yenye toleo la programu, hatua za kuirudia, kilichotarajiwa na kilichotokea, ni mchango kamili. Humwokolea mtunzaji muda badala ya kumlia muda wake. Ila njia hii ina ugumu wake: kinachokukera huenda kimejificha pale ambapo hata wenyeji wanapaogopa, ukazama miezi bila kutoa kitu.

Halafu kuna bando, ambalo washauri wa mbali hawalifikirii. Linux na historia yake yote ni gigabaiti kadhaa, na kifurushi cha wiki hakitoboi. Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, ina njia ya kushusha hali ya sasa pekee bila historia, na mradi wa kivinjari cha Firefox unakuruhusu kupakua sehemu nzito zikiwa zimeshajengwa ili laptopu ya kawaida isikeshe ikiugeuza msimbo kuwa programu. Mradi usio na nafuu ya namna hii ningeukwepa, hata uwe na sifa gani.

Hela nayo ina maneno yake. Mpango wa Google wa kiangazi (Google Summer of Code), ulioanza mwaka 2005 na unaowalipa wanaochangia programu huria, si wa wanafunzi peke yao tena. Tangu 2022 umefunguliwa kwa wageni wengine wa programu huria. Outreachy, mpango mwingine wa mafunzo kazini yenye malipo, hutoa dola 7,000 kwa miezi mitatu, lakini mwombaji hutakiwa kuuchangia mradi anaoutaka kabla ya kuchaguliwa, na kazi hiyo ya awali hailipwi. Hapo nakubali kushindwa na watu wa kazi ndogo: dirisha la wiki chache halimpi mtu nafasi ya kuutumia mfumo mpaka umkere. Achukue kilichobandikwa lebo, akifanye vizuri, amjibu mkaguzi upesi.