Pochi sitini si zawadi za mawifi

Dubai mtu wa kwetu ni mstaarabu wa risiti. Tangu Januari 2018 Falme za Kiarabu zinatoza VAT ya asilimia 5, na mtalii akinunua vitu vya dirham 250 au zaidi kwenye duka lililo katika mpango wa kurudisha kodi, anaidai hela yake uwanja wa ndege kabla hajaondoka. Anapata asilimia 85 ya kodi aliyolipa, ikishatolewa ada ya dirham 4.80. Nenda pale uwaone dada zetu wafanyabiashara kwenye foleni: pasipoti mkononi, risiti zimenyooshwa kama cheti cha kuzaliwa, hakuna hata moja iliyokunjwa. Ndege ikianza kushuka Dar es Salaam, risiti zilezile zinachanwa vipande na kuachwa kwenye mfuko wa kiti cha mbele, forodha wasizione.

Rahisi kusema ni wizi, yaishe. Mimi nadhani wengi wanachana kwa sababu wameshaona kwamba kwenye meza ya forodha risiti ya kweli na risiti ya uongo zinatazamwa kwa jicho moja. Kama haikusaidii kitu, ya nini kuibeba?

Tuanze na sheria, maana inasimuliwa vijiweni vibaya. Nchi zetu za Afrika Mashariki zinatumia sheria moja ya forodha, ya mwaka 2004, na mizigo ya abiria imo katika Jedwali la Tano. Nguo zako na vitu vyako vya matumizi havina neno. Aliyefikisha miaka 18 anaruhusiwa pombe kali lita moja au mvinyo lita mbili, tumbaku gramu 250, na marashi nusu lita, ambayo robo lita tu ndiyo iwe manukato yenyewe. Kisha kuna kile kiwango maarufu cha thamani, kilichokuwa dola 500 mwaka 2023, kwa mkazi anayerudi nyumbani baada ya kuwa nje zaidi ya saa 24. Novemba 2023 Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilipowakumbusha abiria habari ya hizo dola 500, zogo la mitandaoni lilivuka mpaka wa Namanga likafika kwetu Tanzania, watu wakishangaa utadhani sheria imetungwa wiki ile.

Lakini zogo lile lilikuwa la wenye simu mpya na viatu vya watoto. Mwenye biashara halikumhusu, kwa sababu jedwali lilelile linasema msamaha hauendi kwa bidhaa za kuuza. Ukirudi na pochi sitini za kike, hata kama thamani yake haifiki kiwango kile, huna msamaha. Si abiria mwenye zawadi, na si mwagizaji mwenye kontena, wakala na makaratasi. Uko katikati, na katikati hapo hapana mlango.

Na watu wa katikati ni wengi. Ni wanaolala Xiaobei na kuamkia masoko ya pochi ya Baiyun, kule Guangzhou, China. Ni wanaozunguka Deira na kumalizia Dragon Mart, kule Dubai. Siku hizi wengi wanakwenda Istanbul, Laleli na Merter, kufuata magauni ya Kituruki ambayo Kariakoo yanaisha kabla hayajatundikwa. Hawashindwi kuchangia kontena, wanalijua vizuri. Tatizo la mzigo wa bahari ni muda: unapita mwezi, wakati mwingine miwili, na fasheni haikusubiri. Gauni lililovaliwa na bi harusi mmoja maarufu Jumamosi linatakiwa dukani wiki inayofuata. Idi haiahirishwi kwa ajili ya meli. Kwa hiyo mtu anachukua begi.

Ungeona wanavyofungasha ungewaheshimu. Pochi inatolewa karatasi zote za ndani, inasukumwa bapa, ndogo inaingia ndani ya ya kati, ya kati ndani ya kubwa, mikanda na minyororo inafungwa peke yake kwenye soksi. Chumba cha hoteli kinabaki na mlima wa karatasi nyeupe unaofika magotini. Mzani wa mkononi unaning'inizwa kwenye kitasa cha mlango, shangazi kaja linapimwa, linapunguzwa kilo mbili, linapimwa tena. Selotepu inazungushwa mpaka begi linakosa zipu. Baada ya hapo kinachobaki ni kuomba Mungu.

Wakati fulani nilikuwa kwenye foleni nyuma ya mama mmoja wa makamo, katika kiwanja kimojawapo cha ndege cha ukanda huu. Alikuwa na mabegi ya namna hiyo. Mashine ikaonyesha, akaitwa pembeni, selotepu ikakatwa.

"Mama, hizi ni za biashara."

"Zawadi, baba. Za mawifi zangu."

Kijana wa forodha akatoa moja, akatoa nyingine ndani yake, akatoa ya tatu, akazipanga mezani kwa rangi. "Mama yangu, mawifi sitini?"

Foleni nzima tulicheka, na yeye mwenyewe akacheka. Kicheko kiliisha bei ilipotajwa. Alikuwa amenunua kwa jumla, kama dola 10 moja. Kijana akachukua simu yake, akatafuta pochi inayofanana nayo kwenye duka la mtandaoni, akakuta dola 40. Basi dola 40.

Hesabu yake ni hii. Tuchukue kwa mfano tu ushuru wa asilimia 25, na VAT yetu ya Tanzania Bara ya asilimia 18, ambayo inatozwa juu ya thamani ukiongeza ushuru. Tozo ndogondogo tuziache. Pochi sitini kwa dola 10 ni dola 600. Ushuru 150, VAT 135, jumla 285. Inauma, lakini biashara inakwenda. Zipandishe ziwe dola 40 moja: thamani 2,400, ushuru 600, VAT 540, jumla 1,140. Sasa kodi imekaribia mara mbili ya mtaji. Asilimia hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni dukani kwa nani umetazama bei, na tangu Julai 2022, jumuiya ilipoanza kutumia kundi la nne la asilimia 35 kwa bidhaa kadhaa, kubahatisha huko kunagharimu zaidi.

Sheria haikuliacha jambo hili wazi hivyo. Kanuni za uthaminishaji, ambazo tumezipokea kutoka Shirika la Biashara Duniani, zinasema kianziwe na bei iliyolipwa kweli. Ofisa akiwa na shaka ya msingi ndipo aende kwenye bei ya bidhaa ileile iliyoingizwa na wengine, kisha bidhaa inayofanana, na kuendelea kwa mpangilio. Bei ya rejareja ya duka la mtandaoni haimo kwenye ngazi zile. Na ukionewa una siku 30 za kumwandikia Kamishna, naye ana siku 30 za kukujibu. Vizuri sana. Mabegi yako wapi muda wote huo? Stoo. Idi lini? Alhamisi.

Pochi zina balaa jingine ambalo viatu vya kawaida havina. Nyingi za Baiyun zina nembo za Ufaransa na Italia. Ukiulizwa bei ukasema dola 10, unaulizwa iweje nembo hii iuzwe dola 10. Ukijibu kwamba si ya kweli, umejiokoa kwenye ushuru na kujikabidhi kwa Tume ya Ushindani, kwa sababu kuingiza bidhaa bandia kunakatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Ukisema ni ya kweli, utalipa bei ya Paris. Hapo sina la kuwatetea. Guangzhou imejaa pochi nzuri zisizo na jina la mtu, na anayechagua zenye nembo anajua anachokichagua.

Nao maofisa wana haki ya kutoamini makaratasi. Uliza yeyote aliyewahi kununua kwa jumla kule: kabla muuzaji hajaandika ankara anakuuliza uandikiwe ngapi. Anaandika nusu, anaandika robo, ukitaka anakupa kitabu kizima uandike mwenyewe. Ofisa anayepokea ankara za namna hiyo kutwa nzima ataziaminije? Mwenye bei ya kweli analipia dhambi za wenzake, na akishalipia mara moja, safari inayofuata na yeye anaandikiwa nusu. Mchezo huu umekwenda mpaka pande zote mbili zimeuzoea: huyu anashusha kwa sababu atapandishiwa, yule anapandisha kwa sababu ameshushiwa.

Cha ajabu, kwa mfanyabiashara mdogo wa nchi kavu jumuiya ilishatafuta njia. Mama anayevusha maharage au nguo zilizoshonwa Kenya kupitia Namanga ana utaratibu rahisi: mzigo usiozidi dola 2,000, wenye asili ya nchi za jumuiya, unapita kwa cheti chepesi cha uasilia kinachotolewa palepale mpakani, bila ushuru wa forodha. Siombi mzigo wa China usamehewe ushuru kama wa Kenya. Naomba ule wepesi wa fomu, na kutambuliwa kwamba kuna mfanyabiashara anayetembea na mtaji wake mkononi.

Uturuki ilimtambua zamani. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, wanawake wa Urusi na majirani zake walimiminika Laleli wakajaza mabegi, na serikali ya pale haikujifanya inaona watalii wenye nguo nyingi. Ikatunga ankara maalumu kwa wanunuzi wa begi, na Benki Kuu yake inayahesabu mauzo hayo kwenye takwimu za biashara na nje tangu 1996. Wao ni wauzaji, sisi ni wanunuzi, faida zetu hazifanani. Ila wao wanajua ni kiasi gani kinatoka. Sisi tunachojua ni idadi ya mawifi.

Pendekezo langu si la kisomi. Mzigo wa begi wa nguo, viatu na pochi, usiozidi tuseme dola 2,000, utozwe kwa kilo. Kiwango kiandikwe ukutani kwa Kiswahili, kila aina na kilo yake. Ujaze fomu kabla ya safari au ndani ya ndege, ufike upime, upewe namba ya malipo, ulipe kwa simu, uondoke na stakabadhi ambayo hata wale wa kukagua maduka Kariakoo wakija unawaonyesha. Kutoza kwa uzito si jambo la kigeni: mitumba katika ushuru wetu wa pamoja ni asilimia 35 au senti 40 za dola kwa kilo, kilicho kikubwa kati ya hivyo. Simu, dhahabu na manukato visiwemo, kwa kuwa ni vyepesi na ghali, mzani utadanganywa. Nembo za watu ziendelee kukamatwa.

Kuna mtu wa kilo atapunjwa, nakubali. Mwenye jinzi nzito za bei poa atalipa zaidi ya mwenye magauni ya hariri. Lakini atajua kabla hajatoka Guangzhou. Ataketi hotelini na mzani wake kwenye kitasa, apige hesabu ya nauli, kilo za nyongeza na kodi, aone kama safari inalipa. Hilo leo haliwezekani. Leo anabeba dola mia chache za "lolote litakalotokea", na wengi wanazibeba kwa makusudi.

Mwenye kontena ana malalamiko yake na yana uzito. Analipa wakala, bandari, ghala, anakaguliwa mpaka kodi ya mwaka juzi, na mgomo wa Kariakoo wa Mei 2023, uliomleta Waziri Mkuu Mnazi Mmoja kusikiliza, ulionyesha kifua chake kimejaa kiasi gani. Atasema mkifungua mlango wa begi, matajiri watagawa mzigo kwa vijana ishirini. Watajaribu, ndiyo. Pasipoti ina namba, na mashine inayosoma namba inaweza kuhesabu mtu ameingia na mzigo mara ngapi kwa mwaka. Akizidi, ahamie kwenye foleni ya waagizaji. Vijana ishirini wa tajiri wanapita hata sasa, tena bila kuandikwa popote.

Huyo nitabishana naye hadharani na tutaelewana. Ugumu uko kwa wale watakaopinga bila kusema neno, ambao kiwango kikiwa ukutani hawatakuwa tena na cha kujadiliana na mwenye begi saa tisa za usiku.