Kituo chenye kesi nyingi kinaonewa

Kila inapotoka ripoti ya mwaka ya uhalifu ya Jeshi la Polisi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, swali kwenye vijiwe vya kahawa hapa Ngamiani, Tanga, huwa ni moja: makosa yameongezeka au yamepungua? Yakipungua, afande anasifiwa. Yakiongezeka, wanaanza kutajwa panya road, yale magenge ya vijana waporaji wa Dar es Salaam, kana kwamba wameshavuka mto Wami kuja kwetu.

Tatizo ni kwamba ripoti hizo hazihesabu uhalifu. Zinahesabu uhalifu uliofika kaunta ya kituo na ukaandikwa. Mama wa Makorora aliyepigwa na mumewe, zamani angeambiwa ya nyumbani yamalizwe nyumbani. Sasa lipo Dawati la Jinsia na Watoto kituoni: anachukuliwa maelezo, anapewa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, aende hospitali, jalada linafunguliwa. Kipigo ni kilekile cha miaka yote, ila safari hii kimeingia kitabuni, na kwenye jedwali la taifa kinasomeka kama ukatili umezidi.

Waingereza walilijua hili kwa aibu. Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi waligundua kwamba karibu kosa 1 kati ya 5 yaliyoripotiwa England na Wales halikuandikwa kabisa. Kwa makosa ya kingono ilikuwa asilimia 26. Vituo vikabanwa, vikaanza kuandika, idadi ikapanda. Lakini utafiti wa kaya, ule unaowauliza watu majumbani yaliyowapata, haukuonyesha ongezeko la namna hiyo. Kiwango cha kesi zinazofikia mtu kushtakiwa nacho kikaporomoka, kutoka zaidi ya asilimia 15 katika mwaka ulioishia Machi 2015 hadi chini ya 6 kufikia Machi 2022. Sehemu ya anguko hilo ni hesabu tu: ukigawanya kwa kesi nyingi zaidi, jibu linashuka. Sehemu nyingine ni kweli, maana askari walikuwa wamepunguzwa na ushahidi wa simu na kompyuta unakula muda.

Wapo wanaosema, basi tuachane na idadi, tuangalie ngapi zimefika mahakamani. Wana haki yao. Kijana aliyeibiwa bodaboda Mikanjuni, akapewa RB, yaani namba ya taarifa yake kituoni, akaambiwa njoo Jumatatu, kisha Jumatatu nyingine, huwezi kumfariji kwa kumwambia kesi yake imeandikwa vizuri.

Hata hivyo kipimo hicho nacho kinachezewa, na hapa ndipo ninapokosa usingizi. Bangi, mirungi na gongo, ile pombe haramu, havina mlalamikaji. Kosa linaingia kitabuni siku mtu anapokamatwa nalo, kwa hiyo kesi inazaliwa ikiwa na mtuhumiwa wake tayari. Mkoa kama wetu, wenye mpaka wa Horohoro na pwani ndefu, ukifanya msako wa wiki moja unaweza kupandisha kiwango cha kesi zilizopata watuhumiwa bila nyumba hata moja iliyovunjwa kupatiwa mwizi wake. Tena askari waliokwenda kumwaga mapipa ya gongo ndio haohao ambao wangemtafuta huyo mwizi! Anayepimwa kwa asilimia atafuata kesi rahisi, na simlaumu sana. Namlaumu aliyempa kipimo.

Kuna na hili la sheria. Marekebisho ya mwaka 2022 yalizuia mashtaka kufunguliwa kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Ni jambo jema, watu walikuwa wanaozea rumande huku kesi ikipigwa kalenda. Ila jalada sasa linakaa zaidi kwa mpelelezi, na asomaye takwimu juujuu ataona uzembe.

Ningetaka ripoti ionyeshe, kwa kila aina ya kosa, yaliyoandikwa, yaliyobaki kwa mpelelezi, yaliyofika kwa waendesha mashtaka na yaliyotolewa hukumu, huku gongo na bangi zikiwekwa safu yake peke yake. Na mkuu wa polisi wa wilaya, kabla hajaulizwa kwa nini taarifa za ubakaji zimeongezeka, aulizwe majalada mangapi ya mwaka juzi bado yamo kabatini.