Aliyeamka saa kumi na mbili

Mpwa wangu yuko gredi ya pili katika shule moja ya kibinafsi huku Umoja, Nairobi. Juzi alipewa kazi ya nyumbani: aandike kwa Kiingereza saa anayoamka, kisha achore mishale ya saa. Mamake humwamsha saa kumi na mbili. Basi akaandika kumi na mbili kwa Kiingereza, akachora mishale yote miwili imesimama wima kwenye 12. Daftari lilirudi na alama ya kosa ya wino mwekundu na swali pembeni: kumbe wewe hulala hadi adhuhuri?

Nilicheka, kisha nikaona mtoto mwenyewe hacheki. Nambari anayoisikia kila alfajiri ndiyo aliyoiandika. Wapi alipokosea, hakuna aliyemwonyesha.

Sera ya elimu inasema kwamba gredi ya kwanza hadi ya tatu mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na mijini lugha hiyo ni Kiswahili. Tumekwenda na kurudi katika hili: tume ya Ominde mwaka 1964 ilitaka Kiingereza tangu darasa la kwanza, kamati ya Gachathi mwaka 1976 ikarudisha lugha ya eneo, na mtaala wa umilisi ulioingia shuleni kote nchini kuanzia 2019 umeshika njia hiyo ya Gachathi. Hayo ni ya kwenye karatasi. Pita shule za kibinafsi za Umoja, Kayole au Pipeline usikilize madirishani: hesabu kwa Kiingereza, mazingira kwa Kiingereza, hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani ni kwa Kiingereza.

Wazazi wanaotaka hivyo hawastahili matusi wanayopata kila tarehe 21 Februari, Siku ya Lugha ya Mama, eti ni watumwa wa mkoloni. Wamepiga hesabu zao. Mitihani ya gredi ya sita na ya tisa, ukiondoa masomo ya lugha nyingine, huandikwa kwa Kiingereza. Barua ya kuomba kazi pia, na mkataba wa nyumba ya kupanga. Katiba ya 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi sawa na Kiingereza, lakini anayeuza mitumba Gikomba ili alipe karo anajua vizuri ni lugha gani inayoulizwa mlangoni pa ofisi. Tena wana hoja nyingine, na hii huniuma kwa sababu ni ya kweli: Kiswahili cha vitabuni nacho si cha nyumbani kwa mtoto wa Nairobi. Kwao analishwa omena, kitabuni anakuta dagaa. Kwao ni waru, kitabuni viazi. Anasema “kitabu yangu” na hakuna anayemkosoa mpaka afike shuleni. Kama lugha zote mbili za shule ni za kujifunza upya, wanauliza, kwa nini asianze na ile yenye mshahara?

Lakini rudi kwenye saa. Mtoto huyo wa “kitabu yangu”, mwenye kuita hamsini finje na ishirini mbao, akiulizwa saa kwa Sheng atakuambia saa mbili akimaanisha saa mbili ya kwenda kazini asubuhi. Nyanya yake Mkikuyu atasema thaa igĩrĩ, na jirani Mjaluo atataja mbili vilevile kwa Kijaluo. Umbali kati ya Sheng na Kiswahili sanifu ni wa kutembea kwa miguu, kwa sababu pande zote mbili jua ni moja na siku inaanza linapochomoza. Nairobi iko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa ikweta. Jua letu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasorobo, Januari hadi Desemba. Ukiwa mahali kama hapa ni akili kabisa kuanza kuhesabu alfajiri. London, ambako kuchomoza kwa jua Juni na Desemba hupishana kwa zaidi ya saa tatu, hesabu ya namna hiyo isingemfaa mtu. Kwa hiyo saa kumi na mbili ya mpwa wangu imebeba ndani yake mahali anapoishi. Yule mwalimu alisahihisha tafsiri, jiografia hakuiona.

Na alipitwa na somo zuri la hesabu. Ongeza sita kwenye saa ya Kiswahili, ukizidi kumi na mbili utoe kumi na mbili: saa mbili asubuhi inakuwa nane, saa nane mchana inakuwa kumi na nne, na ukitoa kumi na mbili unabaki na mbili. Hesabu ya kuzunguka kama hiyo wanafunzi wengi huja kukutana nayo wakiwa wakubwa, ikiwa na jina la kutisha. Mtoto wa Nairobi anayo bure, sote tunayo. Mtu mzima wa mjini huambiwa kwa simu “tukutane saa tisa” akaandika 3 kwenye shajara bila kusita. Hatukufundishwa popote; tuliokota. Somo hilo linawezekana tu darasa likizikaribisha lugha zote mbili kwa pamoja. Ukifukuza moja, kinachobaki ni alama ya kosa.

(Tukiwa hapo hapo, siku zetu nazo zina tano mbili zinazofuatana: Jumatano ina tano ya Kibantu, Alhamisi ina tano ya Kiarabu. Watu wawili walihesabu wiki kutoka pande mbili na hakuna aliyemfuta mwenzake. Sijawahi kusikia mtoto akielezwa hivyo.)

Husemwa utamaduni ufundishwe nyumbani, shule ifanye kazi ya shule. Ingekuwa sawa kama nyumba zetu zingekuwa na ukuta. Mimi ni mjomba wa mtoto huyu, lakini ananiita anko, kama anavyomwita kaka ya babake, na kama anavyomwita dereva wa basi la shule. Kwa Kikuyu, lugha ya nyanya yake, mjomba huitwa mama, jambo ambalo lingemchanganya na kumchekesha vya kutosha akumbuke maisha yake yote kwamba ndugu wa mama si sawa na ndugu wa baba. Neno moja la shule limewasawazisha wote. Halafu shule hiyo hiyo, mara moja kwa mwaka, humvisha shuka nyekundu na shanga, ikaita siku hiyo ya utamaduni.

Wanaotetea lugha ya eneo hupenda kutaja Ife, Nigeria, ambako mradi ulioanza 1970 chini ya Babs Fafunwa uliwafundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake. Hawakubaki nyuma, hata katika Kiingereza chenyewe. Nautaja na mimi, ila kwa tahadhari. Ife ni mji wa Wayoruba. Umoja si mji wa kabila lolote. Na Ife walipewa miaka sita, pamoja na vitabu vilivyotungwa kwa kazi hiyo. Sisi tumeahidi mitatu, huku vitabu vya hesabu vya gredi ya kwanza ninavyoviona madukani vikiwa vya Kiingereza. Mzazi akikataa kuamini ahadi ya aina hiyo, simlaumu. Anayelaumika ni aliyeandika sera ya lugha moja akaidhinisha vitabu vya lugha nyingine.

Nilipomweleza haya jirani yangu, mwalimu wa hesabu kwa miaka mingi katika shule nyingine ya mtaani, hakushangaa. Akasema mada ya saa hajawahi kuifundisha kwa Kiingereza kitupu akaeleweka. Huanza na saa ya kwao, huwauliza mama huamka saa ngapi, matatu ya kwanza hupita saa ngapi, kisha ndipo anaongeza sita. Nikamuuliza kama mwenye shule anajua.

“Hapana,” akasema. “Siku hiyo huwa nafunga mlango.”