Utafiti wa jinsia na siasa si kuhesabu viti

Makala yenu inauliza kwa nini mhadhiri wa Makerere atumie maisha yake yote kuchunguza wanawake katika Bunge la Uganda, wakati wabunge wanawake tayari ni wengi. Ndugu mwandishi, hapo ndipo kazi inapoanza.

Tangu Katiba ya 1995 kila wilaya ina kiti chake cha mbunge mwanamke, na utaratibu wenyewe ulianza na uchaguzi wa 1989. Lakini tazama ramani. Mgombea wa kiti hicho anazunguka wilaya nzima, mara nyingi majimbo mawili, matatu au zaidi, huku mwenzake mwanamume akihangaika na jimbo moja. Mafuta ya gari, mawakala, matangazo ya redio, vyote vinaongezeka. Akitaka kugombea jimbo la kawaida, anaambiwa, "Mama, nenda kwenye kiti chenu." Wanaopenya huko bado ni wachache mno. Na wilaya mpya ikikatwa, kiti kipya kinazaliwa. Nani anafaidika zaidi, wanawake au aliyeikata?

Maswali hayo hayajibiwi kwenye jukwaa la kampeni. Yanamtaka mtu wa kukaa na kumbukumbu za Bunge, kwenda vijijini, kurudi baada ya miaka. Profesa Sylvia Tamale alichapisha utafiti wake kuhusu Bunge letu mwaka 1999, na wanafunzi wanausoma hadi leo.

Katiba hiyohiyo inataka viti hivi vipitiwe upya kila miaka 5. Tutavipitia kwa ushahidi gani, kama watafiti hawa tunawanyima fedha?