Panya alikuwa na sababu ya kuogopa

Katika Kalila wa Dimna, kitabu chenye visa vya asili ya Uhindi ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu karne ya 8, kuna kunguru anayemwona panya akiguguna wavu ili njiwa walionaswa waponyoke. Kunguru anavutiwa na wema ule, anatua kwenye tundu la panya na kuomba urafiki. Panya anakataa. Urafiki gani, anauliza, baina ya mlaji na chakula chake?

Hadithi nyingi za watoto kuhusu wanyama wasiofanana hulikwepa swali hilo. Ukurasa wa 2 simba anakutana na swala, ukurasa wa 3 wanacheza pamoja. Njaa ya simba imekwenda wapi, hatuambiwi.

Ndiyo maana wapo wazazi na walimu wasiozitaka kabisa, na hoja yao si ya kubezwa. Mtoto akizoeshwa kuwa kila mwenye meno makali ni mpweke tu anayesubiri kukumbatiwa, huenda akamwendea mbwa asiyemjua, au mtu mzima asiyemjua, kwa moyo uleule. Mwaka 2014 Patricia Ganea wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wadogo waliosomewa vitabu vya wanyama wasiowafahamu. Waliosomewa maneno yaliyowavika wanyama hisia na mazungumzo ya binadamu walielekea zaidi kuamini kuwa wanyama halisi nao wako hivyo.

Lakini tukizitupa, tutabaki na nini? Tutabaki na visa kama kile cha kima na papa, ambacho mmisionari Mwingereza Edward Steere alikichapa mwaka 1870 miongoni mwa ngano alizokusanya Zanzibar. Kima anamlisha papa matunda siku nenda siku rudi, kisha papa anamkaribisha kwao, kumbe huko unatakiwa moyo wa kima uwe dawa. Kima anapona kwa kudai kwamba moyo wake ameuacha mtini. Naipenda sana hadithi hii, na kila mtoto anastahili kuisikia. Ila anayelishwa za aina hiyo tu atajifunza kwamba anayekutendea wema ana lake jambo. Mtoto huyo atampokeaje mwenzake mgeni darasani, ambaye lugha na sura yake si kama zake? Hapo ndipo ninapoegemea upande wa wanaozitetea hadithi za urafiki, maana kujihadhari mtoto atafundishwa na wengi, lakini kumwamini mtu mwingine ni wachache wanaomfundisha.

Tena si kweli kwamba mambo haya hayatokei. Kiboko mchanga Owen, aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipofikishwa kwenye hifadhi ya wanyama ya Haller Park, Mombasa, alimganda Mzee, kobe aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi. Kobe alimkwepa kwanza, kisha akamzoea, wakawa wanakula na kulala pamoja. Watoto wengi wanakijua kipande hicho. Kisichosimuliwa sana ni kwamba kiboko alipozidi kukua walitenganishwa, naye akawekwa na kiboko jike.

Kisa cha Kamunyak ni kigumu zaidi. Simba jike huyu wa Samburu, Kenya, alijulikana mwaka 2002 kwa kumlinda ndama wa choroa, aina ya swala mkubwa, badala ya kumla. Alikaa naye yapata wiki mbili, yeye mwenyewe akidhoofu kwa kutowinda, na ndama akikosa maziwa ya kutosha. Kisha simba dume akatokea, akamuua ndama yule.

Nikisoma habari hiyo namkumbuka panya wa Kalila wa Dimna. Baada ya maneno mengi ya kunguru, panya anakubali kutoka, lakini anaishia mlangoni. Anapoulizwa kwa nini hasogei, anajibu kwamba hamwogopi tena kunguru huyu. Anawaogopa kunguru wengine, wenye umbile kama lake lakini wasio na nia kama yake. Kunguru anaahidi kwamba asiyempenda panya hatakuwa rafiki yake. Hapo tu ndipo panya anamkaribia.

Sioni hadithi inayoitendea haki imani kuliko hiyo. Woga wa panya haukejeliwi wala hauitwi ubaya wa moyo, na kunguru hadai kuaminiwa kwa sababu tu amejisikia mwema siku hiyo. Aliyeomba urafiki ndiye anayebeba mzigo wa kuuthibitisha, na mnyonge anaachiwa aamue lini atatoka. Mtoto aliyesikia hivyo hatamkumbatia kila mbwa, wala hatamfungia mlango kila mgeni.

Anayeandikia watoto wadogo anaweza kusema kwamba kurasa zake 24 hazitoshi kwa mabishano yote hayo. Zinatosha. Achore ukurasa mmoja tu usio na maneno, panya akiwa amesimama mlangoni, miguu ya nyuma bado imo tunduni, na kunguru akiwa ametulia mbali kidogo, anangoja.