Wepesi si kosa la riwaya hizi

Agosti 2001, mwandishi Mwingereza Beryl Bainbridge, ambaye jina lake liliwahi kuingia mara 5 katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya ya Uingereza, bila kushinda, alisema redioni kwamba riwaya nyepesi za wanawake zilizokuwa zimejaa madukani ni povu tu na ni kupoteza muda. Mwandishi mwenzake Doris Lessing, aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2007, akamuunga mkono. Kwa maoni yake, ingekuwa afadhali waandishi hao wayaandike maisha yao jinsi wanavyoyaona hasa, waachane na hao wasichana walevi wasiojiweza, wanaohangaikia uzito wa miili yao.

Riwaya zenyewe kila msomaji anazijua. Mhusika mkuu ni mwanamke wa miaka 20 na kitu au 30 na kitu. Anaishi mjini, ana kazi inayomchosha, ana marafiki wawili watatu wa kufa na kuzikana, na mama asiyechoka kumuuliza ataolewa lini. Kuna mwanamume asiyefaa anayempenda, na mwingine anayefaa ambaye bado hajamwona. Tunacheka naye, na mwisho mambo yanakaa sawa. Mimi nimezisoma kwa miaka mingi, na nimezisoma kwa mapenzi. Naamini Bainbridge na Lessing waliupiga risasi mti usio wenyewe. Wepesi si dhambi katika fasihi. Kosa la riwaya hizi, pale linapokuwapo, ni kuanzisha jambo zito kisha kulitua njiani kabla halijafika.

Ugomvi huu ni wa zamani. Jane Austen, katika riwaya yake iliyotolewa mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya kufariki, anaikatiza hadithi ghafla ili awatetee waandishi wenzake. Anawalaumu waandishi wa riwaya wanaomfanya shujaa wao wa kike aone haya kushika riwaya mkononi: kama sisi kwa sisi hatuteteani, anauliza, nani atatutetea? Mwaka 1856 George Eliot, mwanamke aliyeandika kwa jina la kiume, akachapa insha kali dhidi ya riwaya za kipuuzi za wanawake wa zama zake, ambazo mashujaa wake ni wazuri wa sura, wajuzi wa lugha za kale, na hawakosei kitu. Hoja yake siwezi kuipuuza. Alisema kwamba kazi dhaifu ikisifiwa kwa sababu tu imeandikwa na mwanamke, anayeumia ni mwanamke mwingine aliyeandika vizuri, maana wote wawili watapimwa kwa kipimo kilekile cha huruma. Kwa hiyo wanaodhani kila lawama juu ya riwaya hizi ni dharau ya wanaume, historia haiko upande wao. Wakali kuliko wote walikuwa wanawake, tena wenye kalamu.

Lakini tuichukue lawama ya Lessing na kuipima juu ya kitabu chenyewe. Riwaya ya shajara ya Bridget Jones ilianza mwaka 1995 kama safu ya Helen Fielding katika gazeti la The Independent, ikatoka kama kitabu mwaka 1996. Kila siku ya shajara inafunguliwa kwa hesabu. Siku ya kwanza ya mwaka Bridget anaandika uzito wake, ambao kwa kilo ni 58 na nusu hivi, anaandika pombe aliyokunywa, sigara 22, na kalori 5,424. Huyo ndiye msichana wa Lessing kabisa. Ukiishia hapo, umeshinda kesi.

Kumbe ndani ya kitabu hichohicho kuna siku Bridget anafikia uzito alioutamani tangu ujanani, kama kilo 54. Anatoka usiku huo kwenda kwa marafiki akiwa na furaha tele. Wanamuuliza kama anaumwa. Mmoja wao anamwambia waziwazi kwamba alipendeza zaidi zamani. Anarudi nyumbani amevunjika moyo, anatazama nyuma na kuona miaka 18 ya kuhesabu kalori imepotea bure. Ni kurasa chache, zimeandikwa kwa ucheshi, lakini sijui hotuba iliyosema jambo hilo vizuri kuliko hapo. Mwandishi alikuwa anaona. Aliweka hesabu zile mbele yetu ili tuchoke nazo kama Bridget alivyopaswa kuchoka.

Upande wa pili nao una haki yake. Bridget mwenyewe hajifunzi kitu. Kesho yake hesabu zinaendelea. Na wengi waliofuata nyayo za Fielding walichukua mizani wakaacha lile tukio la marafiki. Nimekutana na riwaya nyingi ambamo mwili wa mhusika mkuu unadhihakiwa sura baada ya sura, na mwandishi hana la kusema juu ya dhihaka hiyo ila kuiendeleza. Msomaji wa miaka 16 akimeza kumi za namna hiyo, kuna kitu kimemwingia, na kukiita burudani hakukiondoi. Kwa kitabu cha aina hii, Lessing alisema kweli tupu.

Kinachoniudhi ni jinsi upimaji wenyewe unavyofanywa. Mwaka uleule safu ya Bridget ilipoanza, Nick Hornby alitoa riwaya kuhusu mwanamume wa miaka 35, mwenye duka la santuri, anayepanga orodha ya wapenzi watano waliomuumiza zaidi. Naye hajakua, naye anajihurumia, naye anahesabu mambo ya moyo kwa orodha. Kitabu kilisomwa kama picha ya kizazi kizima cha wanaume, na ndivyo kilivyostahili. Wa kike mwenye udhaifu uleule akapewa jalada la rangi ya waridi lenye kiatu cha kisigino kirefu, na jina la kitabu kwa mwandiko wa kujipindapinda, kisha akaulizwa mbona hana uzito. Jalada hilo halichaguliwi na mwandishi. Wanaolichagua ni wachapishaji, kwa sababu linauza haraka, na linauza haraka kwa kuwa linamwambia mnunuzi hakitamsumbua. Kwa hiyo mhakiki anakipita, na msomaji aliyekuwa anakihitaji hasa anakipita pia.

Mfano ninaourudia kila mjadala huu unapozuka ni riwaya ya Marian Keyes wa Ireland ya mwaka 1997, inayomhusu Rachel. Rachel amezidisha dawa huko New York, akanusurika, na familia yake inamrudisha Ireland imwingize katika kituo cha kutibu uraibu. Yeye anakubali kwa kuwa amesikia vituo hivyo vina bafu za kifahari na watu maarufu. Anatusimulia mwenyewe, na anachekesha mno. Anatuambia kwamba anatumia kidogo tu, kama kila mtu, na kwamba wenzake kituoni ndio wagonjwa. Nasi tunamwamini, kwa sababu tumezoea kwamba msimulizi mcheshi wa riwaya hizi ni rafiki yetu. Ndipo aliyekuwa mpenzi wake na rafiki aliyeishi naye wanapofika kituoni na kueleza mbele ya kundi jinsi alivyokuwa: uongo, wizi wa dawa, aibu alizowatia. Msomaji anagundua amedanganywa kwa kurasa nyingi, na aliyemdanganya ni ule ucheshi alioupenda.

Hapo wepesi wenyewe ndio chombo cha kazi. Riwaya iliyovaa sura nzito tangu ukurasa wa kwanza isingeweza kutuingiza ndani ya kujidanganya kwa mraibu kwa namna hiyo, kwa maana tungekuwa tumejihadhari. Keyes ameeleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alikuwa mlevi na alitibiwa kabla vitabu vyake havijaanza kutoka. Alijua uongo huo unavyosikika kutoka ndani. Anayeniambia hili ni povu, nitamwomba kwanza akisome.

Sasa niuweke mfano wa kinyume, na si kwa chuki, maana mwandishi wake alikuwa na kipaji kikubwa. Mwaka 2000 Sophie Kinsella alitoa riwaya ya kwanza ya mfululizo kuhusu Becky Bloomwood, mwandishi wa jarida la fedha ambaye hawezi kupita dukani bila kununua. Ufundi wake uko kwenye barua. Katikati ya sura tunasoma barua za benki, zenye adabu ya kiofisi, zikijibu visingizio vya maradhi na misiba ambavyo Becky ametunga. Visingizio vyenyewe hatuvioni. Tunavifahamu kutokana na majibu tu. Jinsi deni linavyokua, ndivyo barua zinavyobadilika sauti. Yeyote aliyewahi kuiacha bahasha bila kuifungua kwa kuhofia kilichomo anaijua hofu hiyo, na Kinsella aliiandika vizuri sana.

Kisha inatoweka. Becky anaenda kwenye runinga, anaibua udanganyifu wa kampuni ya fedha iliyowadhulumu majirani wa wazazi wake, anapata kipindi, na mlango wa riziki unafunguka. Mapenzi nayo yanakaa sawa. Deni lililokuwa moyo wa kitabu linaondolewa na bahati iliyotoka nje yake, bila Becky kuikabili hamu iliyomtia humo. Ushahidi umo kwenye mfululizo wenyewe: katika kitabu cha pili madeni yamerudi, na hayana budi kurudi, maana hayakuwahi kutatuliwa. Mwandishi alituonyesha ugonjwa kwa umakini wa daktari, kisha akatoa zawadi badala ya dawa.

Najua jibu la wasomaji wenzangu, na ni jibu zito. Mtu aliyechoka hatafuti mafunzo usiku. Anataka mahali ambapo ana hakika mambo yatakuwa mema, na hakika hiyo ni sehemu ya makubaliano kati yake na mwandishi. Msomaji wa hadithi za upelelezi naye anajua muuaji atapatikana, wala hakuna anayemwita mvivu wa akili. Kwa nini furaha ya mwisho iwe aibu inapokuwa ni ya mwanamke aliyepata kazi nzuri na mtu wa kumpenda? Nakubaliana na hoja hii karibu yote. Sijawahi kudai mwisho wa huzuni, na wale wanaodhani huzuni ndiyo alama ya ukweli wananichosha. Ninachodai ni kile ambacho msomaji wa upelelezi anadai pia: ufumbuzi utokane na yaliyomo ndani ya hadithi. Muuaji akigeuka kuwa mpita njia asiyewahi kutajwa, msomaji huyo atakitupa kitabu. Sisi tumezoea kuvumilia zaidi, na uvumilivu huo umewazoesha waandishi vibaya.

Kuubeba uzito hadi mwisho nako hakumalizi mjadala. Riwaya ya Jojo Moyes ya mwaka 2012 inaanza kwa wepesi wote unaotarajiwa: Lou amepoteza kazi mkahawani, ana mavazi ya vituko na familia yenye kelele, anapata kazi ya kumtunza Will, tajiri aliyepooza baada ya ajali. Wanapendana. Na Will, licha ya upendo huo, anashikilia uamuzi wake wa kwenda Uswisi kusaidiwa kufa. Moyes hakukwepa. Lakini filamu ilipotoka mwaka 2016, watu wenye ulemavu waliandamana na kusema ujumbe wanaoupata ni kwamba ni heri kufa kuliko kuishi kama wao, na kwamba maisha ya Will yamegeuzwa ngazi ya kumpandisha Lou, ambaye anabaki na urithi na mwanzo mpya. Mimi nililia mwishoni mwa kitabu hicho, na bado naona wana haki. Kanuni ya riwaya hizi ni kwamba kila kinachotokea kinamfaa mhusika mkuu. Mtu mwingine anapokufa ndani ya kanuni hiyo, kifo chake kinageuka faida kwa mhusika huyo mkuu.

Yapo pia maswali ya nani anaruhusiwa kuwa huyo mhusika mkuu. Historia za riwaya hizi hupenda kuanzia kwa Bridget, ilhali mwaka 1992 Mmarekani Terry McMillan alikuwa tayari ametoa riwaya iliyouzwa kwa wingi mno kuhusu wanawake wanne weusi, urafiki wao, na wanaume waliowachosha. Vyote vinavyohesabiwa kuwa alama za aina hii vilikuwa humo, miaka minne kabla.

Mwaka 2019 ikaja riwaya ya Candice Carty-Williams iitwayo Queenie, kwa jina la mhusika wake mkuu: Mwingereza mwenye asili ya Jamaika, miaka 25, mfanyakazi wa gazeti London, ameachwa na mpenzi wake. Mwaka uliofuata kilichaguliwa kitabu cha mwaka katika tuzo za vitabu za Uingereza, na mwandishi wake akawa wa kwanza mweusi kuipata heshima hiyo. Kilitangazwa kwa kulinganishwa na Bridget, na kweli kuna kundi la marafiki wanaoandikiana ujumbe wa simu unaovunja mbavu. Lakini wanaume anaokutana nao Queenie wanamtendea kama kitu cha kuonja, hofu inambana mpaka pumzi inakatika, anarudi kuishi kwa bibi na babu yake, na bibi anapinga habari za kwenda kwa mtaalamu kwa kuona ni fedheha kwa familia. Anakwenda. Vikao vinachukua kurasa nyingi, vingine havizai kitu, na hakuna mwanamume anayetokea kumwokoa. Anafika mwisho akiwa mezani na watu wake, bado ana dalili zake, amepata nafuu ya kutosha kurudi kazini. Ucheshi haukupungua hata kidogo, na hakuna alilolianzisha Carty-Williams akaliacha njiani.